Siku Shangazi Feza Alipojisikia kwenye Simu

Noela,

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kufunga sanduku kwa kamba mbili, Mama yako amekwisha kuyasema, na kesho bandarini Kalundu atayasema tena mpaka meli iondoke. Mimi sitayarudia. Umeme umekatika tangu asubuhi, vyerehani vya atelye vimenyamaza, na wewe umekwenda parokiani kuwaaga wenzako. Nimefunga mlango wa mbele, nimesogeza vitambaa pembeni ya meza ya kukatia, na nina mchana mzima wa kukuandikia jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema, ingawa Kimanga nzima inajua kwamba mdomo wangu hauchoki.

Ni habari yangu na Shangazi yako Feza. Utasema, Papa, nilikuwepo. Ndiyo, ulikuwepo, lakini sehemu ya sokoni hukuiona, na kuna mambo mawili matatu niliyokuficha. Usiogope, iliisha vizuri. Nisingeweza kuiandika kama isingeisha vizuri. Ila sitaki uende chuoni Kalemie na nusu ya habari, halafu siku moja mtu mwingine akupe nusu iliyobaki.

Nianze na grupu la familia kwenye simu. Unalijua: watu zaidi ya hamsini, wa Bwegera, wa Bujumbura, wa Lubumbashi, na wale waliofika mbali kabisa, ambao kwenye picha wamevaa makoti hata ndani ya nyumba. Kila mmoja huleta alicho nacho. Huyu analeta gari, yule analeta mtoto mchanga, na binamu yangu Prosper analeta theluji kana kwamba ameitengeneza yeye. Mimi fundi cherehani ningeleta nini? Suruali ya mteja? Nilikuwa na kitu kimoja tu. Tangu utoto wangu naweza kuigiza sauti ya mtu yeyote.

Nilianza na sauti ya Prosper mwenyewe, naye akafurahi. Nikafuata na ya Mama yako akinituma sokoni. Huyo nilimwomba ruhusa, akanipa huku akinipiga kwa kanga. Lakini iliyonipa jina ni ya Shangazi yako, dada yangu mkubwa, ambaye mimi humwita Yaya. Nilimwigiza akibishana na mnunuzi wa Bujumbura juu ya beseni la ndagala, akiapa kwamba kila samaki mle ndani ana macho mawili, mnunuzi ahesabu mwenyewe. Sauti yake unaijua. Inaanza chini, nzito, inakwaruza, kisha katikati ya neno inakatika na kuwa nyembamba kama redio iliyopoteza stesheni. Na ile tabia yake ya kuita mara tatu kabla ya kusema jambo: "Deo, Deo, Deo! Weye iko wapi?" Niliipata yote. Watu wa grupu waliandika kwamba wamekufa kwa kicheko, kwamba wamejikojolea, kwamba niwatumie nyingine. Nikawatumia nyingine. Nikatuma nyingi, Noela. Kila Jumapili walikuwa wakiuliza, Feza amesema nini wiki hii? Na mimi, ambaye mwaka mzima hakuna aliyeniuliza kitu, nikawa mtu wa kusubiriwa.

Yaya hakuwemo kwenye grupu. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea basi. Ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza kwa nini sauti ya Shangazi iko vile. Nikakuambia alimeza chura mtoni. Ukaenda kuwaeleza watoto wa avenue nzima, na siku kadhaa walikuwa wakimtazama shingoni kuona kama chura anaruka. Jibu la kweli nilikuwa nalijua. Sikukupa kwa sababu jibu la kweli halichekeshi. Nitakupa hapa, lakini acha nifike.

Halafu ziwa likapanda. Unakumbuka maji yalivyoingia polepole, kwanza chini ya kitanda, kisha hadi kwenye magodoro, mpaka tukatoka na cherehani kichwani kama watu wanaobeba mgonjwa. Yaya alitufungulia nyumba yake ya vyumba viwili na hakuuliza tutakaa hadi lini. Mwaka wako wa mwisho wa shule uliusomea pale. Kila jioni alikaa mlangoni kwenye kigoda, na mtu yeyote aliyepita na redio, hata kondakta wa lori, alimpigia kelele kwa sauti ile ile: "Nyamazeni! Mutoto iko nasoma!" Wewe uliniambia kelele zake za kunyamazisha watu zilikusumbua kuliko redio zenyewe. Tulicheka wote watatu. Yeye alicheka kuliko sisi. Mtihani ulipoisha, tulihamia hapa.

Matokeo ya mtihani wa taifa yakatoka. Ulirudi nyumbani umefaulu, mweupe kwa poda wanayomwagiwa waliofaulu, nywele, kope, mpaka masikioni, wenzako wakiimba nyuma yako, na Mama yako akakimbia pekupeku barabarani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Na mtu mwenye furaha siku hizi anafanya nini? Nilikaa chini nikaandika shukrani kwenye ukurasa wangu, ili dunia isome. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mkuu wa shule, walimu kwa majina, paroko, Prosper kwa maneno yake ya kututia moyo, binamu wa Kanada, na hata mheshimiwa mmoja ambaye hajawahi kukuona kwa macho, ila niliwahi kumshonea koti. Kila jina nililiunganisha na ukurasa wa mwenyewe ili apate kengele kwenye simu yake. Kazi ile ilinichukua mchana mzima.

Mama yako aliisoma begani kwangu. Akauliza, "Na Yaya?"

Nikamjibu, "Yaya haiko kwenye mtandao. Hataiona."

"Basi unashukuru banaoona?"

Nilimwambia asiniharibie siku. Nikabonyeza. Hili hukulijua, na ni la kwanza nililokuficha. Ungeuliza jina la Shangazi yako ningekuambia nilisahau. Sikusahau. Nilikumbushwa, nikakataa, kwa sababu kumshukuru yeye pale kusingenirudishia chochote. Nilikuwa nimewagawa watu wangu mafungu mawili bila kujua: walioko mtandaoni niliwashukuru, wasiokuwepo niliwacheka.

Yaliyofuata unayajua, lakini niache niyaseme nilivyoyaona. Clarisse, ndugu yetu wa Bujumbura, alipata simu mpya, akamtumia Shangazi ile ya zamani. Wewe ndiye uliyemfundisha. Kwa kuwa kusoma kunamchosha, ulimwonyesha kwa picha: hapa kijani, hapa kidole, hapa pembetatu na sauti inatoka. Ukamwingiza kwenye grupu. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, tumekaa uani kwetu, yeye ameketi mkekani miguu ameinyoosha, anafurahia simu kama mtu aliyepewa mtoto ampakate. Salamu zikaanza kumiminika. Karibu, Mama Feza! Karibu, Shangazi! Na Clarisse, ambaye hana ubaya hata kidogo, akaona amletee zawadi ya kumkaribisha. Akaitafuta odio, ile sauti niliyorekodi ya ndagala, akaituma.

Yaya akabonyeza pembetatu. Simu alikuwa ameifungulia sauti yote, kama anavyofungulia kila kitu.

Uani pakajaa sauti yake. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, sikukiweka chini wala sikukinywa. Yeye aliinamisha kichwa akisikiliza, na mwanzoni alitabasamu, nadhani alidhani simu imemhifadhi mahali fulani. Akauliza, "Huyu ni nani anasema? Ni minye?" Akaisogeza simu sikioni. "Minye nilisema hii lini?"

Kisha ikafika mwisho, pale ambapo mwigizaji anashindwa kujizuia. Kicheko changu. Na nyuma yake, kidogo, kicheko chako.

Aliifunga simu kwenye pembe ya kitenge chake, akafunga fundo, akasimama. "Niende," akasema, "nimechelewa na ndagala zangu." Ilikuwa Jumapili. Hauzi ndagala Jumapili.

Siku ile uliniambia neno moja tu kabla ya kuninyamazia: "Papa, hata minye nilicheka." Nikafikiri unanifariji. Kumbe ulikuwa unajihukumu, na kesho yake asubuhi ulikwenda kwake mwenyewe, bila kuniaga. Uliporudi ulikuwa umekula kwake, nilikuona kwenye mashavu. Wewe ulikuwa umemaliza kuomba msamaha. Mimi nilikuwa sijaanza.

Kwa nini sikwenda? Niliogopa, ndivyo ilivyo. Kutoka hapa hadi kwake ni mwendo mfupi kwa moto, hizi pikipiki za kukodi, na watu wa moto wamejaa kila kona, sikukosa usafiri. Nilikosa uso. Basi nikafanya kile ninachokijua. Nikarudi kwenye simu.

Nilikuwa na picha ya zamani ya Yaya, iliyopigwa Bwegera, kijijini kwetu, na mgeni wa parokia. Ni msichana mwembamba, beseni kichwani, gauni limechanika begani, miguu mitupu ina matope hadi magotini. Niliiweka kwenye ukurasa wangu na maneno marefu. Niliandika kwamba huyu ni malkia wangu, kwamba hakusoma ili mimi nisome, kwamba hadi leo herufi zinamchosha, kwamba mimi ni mdogo wake asiyestahili. Niliandika nikilia kweli, Noela, machozi hayakuwa ya uongo. Na watu wakalia nami. Mioyo ya mtandaoni ikaanza kupanda. Watu nisiowajua wakaandika kwamba kila familia ingekuwa na Feza dunia ingepona. Prosper akaandika kwamba mimi ni mwanaume wa kweli. Nilijisikia mtu aliyetoka kuoga ziwani.

Siku ya pili mteja mmoja wa ndagala alimtambua Yaya sokoni. Akamwonyesha picha, na kwa wema wake akamsomea maandishi yote kwa sauti, mbele ya wauzaji wenzake, mpaka pale pa herufi zinazomchosha.

Wewe ndiye uliyeniletea maneno yake. Ulisimama pale mlangoni pa atelye, hukuingia. Ukasema, "Shangazi amesema hivi: Kwanza alifanya batu banicheke. Sasa anafanya batu banililie. Na minye mwenyewe hajaniambia kitu."

Kisha ukasema, "Papa, ile picha uitoe."

Nikajitetea. "Lakini watu wameipenda, Noela. Hakuna aliyemsema vibaya."

"Uliuliza yeye?"

Nilikuambia nitaitoa. Hili ndilo la pili nililokuficha: sikuitoa siku ile. Ilikaa siku mbili zaidi. Kila nilipochukua simu kuitoa nilikuta mioyo imeongezeka, nikasema acha ifike jioni, acha ifike kesho. Wakati huo nilikuwa nashona kanzu za kwaya, na kwa kuchungulia simu kila mshono nilimwekea mwimbaji mmoja mkono wa kushoto upande wa kulia. Ile kanzu iliyokuchekesha ikining'inia ukutani kama mtu anayesimamisha gari, sasa unajua ilitoka wapi. Kuigiza sauti yake lilikuwa kosa la mtu mwenye mdomo mwepesi. Siku zile mbili hazina jina zuri. Nilijua zinamuumiza, nikaziacha ziendelee kwa sababu zilikuwa zinanipendeza.

Kilichonitoa ni kanzu ile ile. Nilikuwa naufumua mkono, uzi kwa uzi, na ukifumua huwezi kushika simu. Mikono miwili yote inatakiwa. Pale kwenye kimya nikakumbuka kwamba tangu Jumapili ile nimewaambia mamia ya watu kwamba nampenda dada yangu, na yeye sijamwambia hata habari za asubuhi. Nikaitoa picha. Nikatoka nilivyo, na tepu ya kupimia shingoni, nikasimamisha moto.

Yule motari alinitazama kwenye kioo chake. "Papa Deo! Ni weye uliandika ya dada yako? Kweli minye nililia!"

Nikamwambia aendeshe.

Yaya alikuwa mahali pake pa kila siku, mabeseni matatu mbele, Mama Sifa muuza mihogo kulia kwake. Aliniona tangu mbali, akaendelea kuchambua ndagala, akitoa majani na kokoto. Nikasimama mbele yake kama mteja.

"Yaya, nimekuja."

"Naona."

"Nimekuja kuomba..."

"Simu yako iko wapi?"

"Iko mfukoni."

"Izime."

Nikaitoa nikaizima, akangoja mpaka kioo kikawa cheusi. Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Sasa fanya."

"Nifanye nini?"

"Ile sauti. Fanya hapa. Minye iko hapa sasa."

Nilimwomba asinifanyie vile. Akasema kule kwenye simu nilifanya mara ngapi bila kuombwa. Mama Sifa alikuwa ameacha kuuza mihogo. Wanawake wa upande wa pili walikuwa wamegeuka. Nikafungua mdomo nikasema, "Deo, Deo, Deo," na sauti ikanikauka. Mimi, Noela. Naweza kuigiza padri na jenereta, lakini mbele ya macho yake sikuweza kumaliza jina langu mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Minye sisemaka hivyo. Ya tatu inapanda. Unajua juu ya nini nakuita mara tatu?"

Nikatikisa kichwa.

Akawageukia wenzake, si mimi. "Huyu, akiwa mudogo, alikuwa najificha mu mupunga. Namwita mara moja, ananyamaza. Mara ya pili, ananyamaza, nasikia anacheka. Ya tatu sasa ninalia, nawaza nyoka imemuuma. Ndiyo anatoka."

Mama Sifa akauliza, "Na hiyo sauti, Feza? Ulizaliwa nayo?"

"Ah. Ni ndege."

Basi hapa ndipo jibu lako, lile la chura. Mama yetu alipofariki, shamba la mpunga lilibaki kwetu watoto, na mpunga ukianza kukomaa ndege huja mawingu kwa mawingu. Lazima mtu asimame katikati, tangu mapambazuko hadi jua lizame, apige kelele. Ilipaswa tuwe wawili, tupokezane. Yaya aliniambia niende shule, atapiga kelele za watu wawili. Alipiga misimu minne. Msimu wa pili sauti ilikatika, ikarudi ikiwa hiyo unayoijua, haikuwa nyingine tena. Aliwasimulia wanawake wale kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza kovu la kisu cha jikoni. Mimi nilisimama pale na tepu shingoni. Nilikuwa nalijua lote, na nilikuwa nimechagua kutolikumbuka kwa sababu kulikumbuka kungenifungia odio zangu.

Nikadhani sasa atanifukuza. Badala yake akasimama, akavuta kitenge juu, akatoa tumbo mbele, akaweka beseni dogo sikioni kama simu. "Halo? Oui, Prosper! Oui, mon cher! Niko mu mkutano, batu ni wengi sana hapa!" Halafu akageuza kichwa pembeni akajifanya anatema sindano na kuongea na mteja kwa sauti ndogo: "Suruali yako bado. Rudi kesho."

Ni mimi. Ni mimi kabisa, Noela, hata ile pumzi ninayovuta kabla ya Kifaransa changu cha "mon cher". Sikujua kama mtu ananiona vile. Mama Sifa alikaa chini juu ya mihogo yake. Wanawake walicheka mpaka wateja wakasimama kuuliza kuna nini, na mimi uso ulinichoma, nikaelewa kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa. Halafu nikacheka. Nilicheka kwa sababu alikuwa amenipata, na kwa sababu alikuwa ananitazama machoni akinicheka, na macho yake yalikuwa yananiuliza kama naweza kuvumilia. Naweza. Niliweza.

Tulipotulia akasema polepole, "Ya kunicheka, imeisha. Ya picha, bado."

"Nimeitoa, Yaya."

"Noela aliniambia utaitoa. Lakini batu wameona miguu yangu." Akaitazama miguu yake, iliyokuwa ndani ya viatu. "Siku ile yule mugeni alinipiga picha hakuniuliza. Na weye hukuniuliza. Tangu nianze kuuza hapa, hakuna mutu ameniona bila viatu."

Picha nilikuwa nimeitoa kwangu, lakini sikuweza kuitoa kwenye macho ya watu wala kwenye simu zao. Sijaweza hadi leo. Nilikaa juu ya gunia tupu kando yake, nikaanza kuchambua ndagala, naye hakunizuia. Tulichambua beseni zima. Mwishoni nikamwambia, "Aksanti, Yaya."

"Ya nini?"

"Ya ndege."

Akainamia beseni lililojaa, akashika mkono mmoja wa beseni. "Shika upande ule," akasema. Nikashika. Tukalisogeza kivulini pamoja.

Hayo ndiyo ya sokoni. Yaliyofuata unayajua, maana uliyafanya wewe: alikuja kwetu amevaa lile vazi la kitenge nililomshonea wakati wa Noeli, na viatu vyeusi, akakuagiza umpige picha hadi vidole vya viatu vionekane, akachagua moja kati ya kumi na tano, akaituma yeye mwenyewe. Na odio yake ya kwanza kwenye grupu ilikuwa ya kuniigiza mimi nikiongea na Prosper kwenye simu. Prosper ameisikiliza, ananiambia, mara nyingi kuliko zangu zote. Siku hizi watu hawaulizi Deo ametuletea nini. Wanauliza Shangazi ameamka? Nimepoteza cheo, na sijawahi kulala vizuri hivi.

Nimekuandikia haya kwa sababu utakwenda mbali na utatubeba kwenye simu. Wenzako wa chuo cha uuguzi watataka kujua nyumba yenu ikoje, na utawasimulia vituko vyetu, na vitawachekesha, kwa kuwa sisi ni watu wa kuchekesha kweli. Wasimulie. Mama yako na kamba zake mbili, mimi na sindano mdomoni, usituhurumie. Ninachokuomba ni kimoja: jambo ambalo ungelizima mimi nikiingia chumbani, usiliwashe nikiwa sipo. Na wagonjwa utakaowahudumia, Noela, wengine watakuwa kama Yaya, hawana grupu wala ukurasa wa kujitetea. Miguu yao utaiona wewe peke yako. Iishie hapo.

Kesho bandarini nitapiga picha, siwezi kuacha, unanijua. Lakini haitakwenda popote mpaka uniambie iende, na ukisema hapana itakaa kwangu.

Sasa nikushukuru, maana kwenye yale maandishi marefu nilimshukuru kila mtu kwa ajili yako, na wewe sikukushukuru kwa lolote. Aksanti kwa kwenda kwa Shangazi asubuhi ile kabla yangu. Aksanti kwa kukataa kuingia atelye mpaka nitoe picha. Siku tisa hukuongea nami, ila ile mara moja mlangoni, nilizihesabu zote, na kila siku nilikasirika na kusema huyu mtoto hana adabu. Ungeniongelesha mapema, ningeona mambo si mabaya sana, na labda hadi leo ningekuwa nahesabu mioyo ya watu nisiowajua huku dada yangu akipita barabara nyingine. Ulinionea haya, na ulibaki nyumbani ukinionea haya, ukanipikia chai bila kuniangalia. Sijui ni wapi ulijifunza hivyo. Si kwangu.

Nasikia geti. Umerudi, na nadhani umekuja na Shangazi yako, kwa sababu kuna mtu anaita jina la Mama yako mara tatu. Sasa mnacheka, wote watatu, mnacheka sana, na sauti yake iko juu ya zenu. Sisikii mnamcheka nani. Nadhani ni mimi. Nimalizie hapa, nitoke nikae nanyi.

Papa yako,
Deo